Miunganisho ya TLS kwenye seva isiyosubiri: maswali yanayorudi kila jioni

Maswali haya nimeyakusanya dakani kwetu Langoni, Lamu, ambako baada ya Alasiri huja vijana wanaojifunza kuandika programu za seva. Lililoulizwa mara tatu nimeliweka. Lililoulizwa mara moja nimeliacha, isipokuwa mawili matatu niliyoyapenda. Mifano mingi inatoka kwenye programu ndogo ya tiketi za boti kati ya Amu (mji wetu wa Lamu) na Mokowe iliyo bara, ambayo mimi na mwenzangu tuliiandika kwa C juu ya OpenSSL (maktaba ya TLS), ikatutoa jasho, kisha tukaiandika upya. Majina ya fanksheni kama `SSL_read` nimeyaacha yalivyo kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini.

## Misingi

1. TLS inaongeza nini juu ya TCP?

TCP ndiyo itifaki inayobeba baiti kati ya mashine mbili; TLS hukaa juu yake na kuongeza mambo matatu: inaficha yanayosemwa njiani, inahakikisha hayakuguswa, na inamthibitishia mteja kuwa seva anayezungumza nayo ndiyo hasa anayoitaka. Toleo la 1.0 lilitoka 1999, la 1.2 mwaka 2008, na la 1.3 Agosti 2018. La 1.0 na 1.1 yalistaafishwa rasmi 2021. Ukiyakuta bado yamewashwa kwenye seva yako, yazime kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kwa mwandishi wa seva, zito ni hili. TCP hukupa mfululizo wa baiti: zikifika tatu, unasoma tatu. TLS hufungasha data katika rekodi. Kila rekodi ina kichwa cha baiti 5, na inaweza kubeba hadi baiti 16,384 za data yako, pamoja na muhuri wa kuthibitisha unaokaa mwishoni. Maktaba haikukabidhi hata baiti moja kabla rekodi nzima haijafika na muhuri kukaguliwa. Chukua gunia la tende lililoshonwa mdomo: mpaka lishushwe lote kutoka jahazini na mshono uangaliwe, hakuna anayeonja. Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo. Soketi (mlango wa programu yako kwenda mtandaoni) inaweza kuwa na kitu na wewe ukawa huna, na kinyume chake pia hutokea (swali la 6).

2. "Seva isiyosubiri" ni ipi?

Seva ya mtindo wa zamani humpa kila mteja uzi (thread) wake. Uzi huo ukiita "soma", unalala hapo mpaka data ije. Wateja mia hawana shida. Wateja elfu kumi ni nyuzi elfu kumi zilizolala zikila kumbukumbu. Dan Kegel aliliandika tatizo hili 1999 na jina la C10K likabaki. Mifumo ya uendeshaji ikajibu kwa njia za kuchunguza soketi nyingi kwa pamoja: FreeBSD ikaleta kqueue 2000, Linux ikaleta epoll 2002.

Seva isiyosubiri ina uzi mmoja au michache, na kila mmoja unazungusha kitanzi cha matukio: unaiuliza kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ni soketi zipi ziko tayari, unamhudumia kila mwenye habari kwa muda mfupi, kisha unarudi kuuliza. Boti ya Mokowe husubiri mpaka ijae ndipo ing'oe nanga. Seva yako isiige tabia hiyo hata siku moja.

3. Nimeiweka soketi isizuie. Si yatosha?

Haitoshi. Ukiiweka soketi katika hali ya kutozuia, `SSL_read` haitalala tena, lakini jibu lake sasa lina sura nyingi. Inaweza kukupa data. Inaweza kusema inahitaji kusoma zaidi mtandaoni ndipo iendelee (`SSL_ERROR_WANT_READ`). Inaweza kusema inahitaji kuandika kwanza (`SSL_ERROR_WANT_WRITE`), ingawa wewe uliomba kusoma. Mwenzio anaweza kuwa ameaga vizuri (`SSL_ERROR_ZERO_RETURN`), au pameharibika kabisa.

Mazoea ya TCP ndiyo yanayowaponza wengi: "nataka kusoma, basi nasubiri soketi isomeke." Kwenye TLS unamsikiliza anachotaka maktaba, halafu unaikalia soketi kwa hicho. Nia yako wewe inakuja nyuma.

4. Salamu ya TLS inachukua muda gani?

Salamu ni yale mazungumzo ya mwanzo ya kukubaliana funguo na kuonyesha cheti. TCP yenyewe hula safari moja ya kwenda na kurudi. TLS 1.2 huongeza mbili, TLS 1.3 huongeza moja. Tuseme safari moja kutoka kwa mteja wako hadi kwenye seva ni milisekunde 200: kwa 1.2 ombi la kwanza linaondoka baada ya milisekunde 600, kwa 1.3 baada ya 400. Anayepitia setilaiti iliyo kwenye kimo cha kilomita 35,786 ana zaidi ya nusu sekunde kwa kila safari, hapo hajaambiwa hata "karibu".

Ndiyo maana salamu nayo lazima iwe isiyosubiri. Kosa ninaloliona kila mara ni `accept` (kupokea muunganisho wa TCP) iliyo sawa, epoll iliyo sawa, kisha ndani yake `SSL_accept` (salamu upande wa seva) inaitwa soketi ikiwa bado katika hali ya kuzuia. Mteja mmoja mwenye mtandao mbovu anawashika wote. Sisi tulikuwa nalo wiki nzima bila kujua, kwa sababu ofisini kila mtu alikuwa kwenye waya mmoja na salamu ilikwisha kabla hujapepesa. Boti zilipoanza kutumia simu zikiwa katikati ya mlango wa bahari, ndipo Mzee anayekata tiketi gatini aliponipigia: "Mwanangu, hii seva yako imelala tena."

## Kusoma na kuandika

5. Mbona kusoma kunaomba kuandika?

Kwa sababu chini ya data yako kuna mazungumzo mengine ya itifaki yenyewe. Wakati wa salamu ni dhahiri: pande zote zinapokezana kuzungumza. Baada ya salamu, TLS 1.2 iliruhusu kuanza majadiliano upya katikati ya kikao. TLS 1.3 iliondoa hilo, lakini inaruhusu upande mmoja kuomba ufunguo ubadilishwe, na mwingine lazima ajibu kabla hajatuma data yake inayofuata. Kwa hiyo usiandike programu inayodhani mambo haya yameshapita.

Dawa ni kuweka kwenye kila muunganisho kumbukumbu mbili zilizotengana: kusoma kunangoja nini, na kuandika kunangoja nini. Kwa epoll, `EPOLLIN` ni kungoja soketi isomeke, `EPOLLOUT` ni kungoja iandikike.

```c
ERR_clear_error();
int n = SSL_read(m->ssl, bafa, sizeof bafa);
if (n > 0) {
    pokea(m, bafa, n);
} else switch (SSL_get_error(m->ssl, n)) {
    case SSL_ERROR_WANT_READ:   m->kusoma_kunangoja = EPOLLIN;  break;
    case SSL_ERROR_WANT_WRITE:  m->kusoma_kunangoja = EPOLLOUT; break;
    case SSL_ERROR_ZERO_RETURN: aga(m);  break;
    default:                    kata(m);
}
```

Upande wa kuandika una sehemu yake, `kuandika_kunangoja`. Unachokiomba epoll ni muungano wa hizo mbili. Soketi ikikuamsha kwa `EPOLLOUT`, usikimbilie `SSL_write`; angalia kwanza ni nani aliyekuwa akiingoja. Huenda ni kusoma.

Huo mstari wa `ERR_clear_error` usiufute ukidhani ni pambo. OpenSSL huweka makosa kwenye foleni moja kwa kila uzi. Kwenye seva isiyosubiri uzi mmoja unahudumia mamia ya wateja, kwa hiyo kosa la mteja wa kwanza likibaki kwenye foleni, `SSL_get_error` ya mteja wa pili inaweza kulikuta na kumhukumu asiyehusika. Tulikuwa tukikata miunganisho mizima kabisa kila mara simu moja ya zamani ilipojaribu kuingia na kukataliwa. Kwa sababu hiyo hiyo iite `SSL_get_error` papo hapo, kwenye uzi ule ule, bila kuingiza fanksheni nyingine ya OpenSSL katikati.

6. Data ipo, lakini epoll haiamshi. Kulikoni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nami lilinila siku mbili. Mteja ametuma ombi la baiti 5,000 katika rekodi moja. Bafa yako ni baiti 4,096. Unaita `SSL_read` mara moja, unapata 4,096, unarudi kwenye kitanzi kungoja zilizobaki. Hazitakuja, kwa kuwa zimeshafika. Maktaba ilivuta rekodi nzima kutoka kwenye soketi, ikaifungua, ikakupa ulichoomba, na baiti 904 zimekaa mfukoni mwake. Kerneli haijui habari za mfuko huo. Ikitazama soketi inaiona tupu, na inanyamaza. Mteja naye ananyamaza, anangoja jibu. Mnatazamana hivyo mpaka muda uishe.

Wengine hudhani ni kosa la epoll ya ukingo (inayoamsha pale tu data mpya inapofika) na kwamba ile ya kiwango (inayoamsha maadamu data ipo) itawaokoa. Zote mbili zitanyamaza, kwa sababu zinatazama soketi.

Soma ukirudia mpaka upate `WANT_READ` au `WANT_WRITE`. Hapo tu ndipo una haki ya kurudi kungoja. Ila mteja mmoja anayemwaga data bila kikomo asije akakuhodhi: jiwekee mpaka, tuseme mara 16 kwa zamu, na ukiufikia muweke muunganisho huo kwenye orodha yako ya walio tayari, umrudie kabla ya kulala tena kwenye epoll. `SSL_pending` hukuambia baiti zilizokwisha kufunguliwa. Ukiwa umewasha kusoma mbele (maktaba kuvuta zaidi ya rekodi moja kwa mpigo), tumia `SSL_has_pending`, iliyopo tangu OpenSSL 1.1.0, maana mfukoni kunaweza kuwa na rekodi ambayo bado haijafunguliwa.

7. Nimepata kosa la "bad write retry". Nimekosea wapi?

Uliita `SSL_write`, ikakujibu `WANT_WRITE`, kisha ukaiita tena ukiwa na bafa nyingine au urefu mwingine. Ilipokujibu mara ya kwanza ilikuwa tayari imeisimba rekodi na kuipa namba yake. Sehemu inaweza kuwa imeshaondoka. Haiwezi kubadili nia. Lazima urudi na data ile ile.

Kwa kawaida hata anwani ya bafa inatakiwa iwe ile ile, jambo linalowasumbua wenye bafa zinazokua na kuhamishwa kwenye kumbukumbu. Washa `SSL_MODE_ACCEPT_MOVING_WRITE_BUFFER`, halafu na `SSL_MODE_ENABLE_PARTIAL_WRITE` ili ujulishwe kila rekodi inapokamilika. Mimi huziwasha zote mbili siku ya kwanza bila kufikiri.

Pia usiruhusu foleni ya kutuma ikue bila mpaka. Mteja akisoma polepole, acha kusoma maombi yake mapya mpaka foleni ipungue.

8. Kuna njia ya kuikwepa adha hii yote ya WANT?

Kuikwepa, hapana, kuihamisha, ndiyo. Unaweza kuinyima maktaba soketi kabisa. Unaipa bafa mbili za kumbukumbu: moja unamimina ndani baiti zilizosimbwa ulizozisoma mwenyewe, nyingine unachota zile inazotaka zitumwe. Maktaba inabaki mashine ya kugeuza baiti, na mtandao wote unabaki mikononi mwako. Java ilianza na `SSLEngine` katika Java 5, mwaka 2004. Python iliongeza `MemoryBIO` katika 3.5, mwaka 2015, na TLS ya asyncio, maktaba yake ya seva zisizosubiri, imejengwa juu yake. Rustls, maktaba ya TLS ya lugha ya Rust, nayo imeundwa kwa mtindo huu.

Ndiyo njia niliyoichagua tulipoandika upya, na sijajuta. Ina mtego mmoja: baada ya kila wito, uwe wa kusoma, kuandika au salamu, lazima uchungulie bafa ya kutoka. OpenSSL, salamu ya TLS 1.3 ikiisha upande wa seva, hutuma tiketi mbili za kikao (si za boti: ni kumbukumbu anayopewa mteja ili akirudi salamu iwe fupi) usipoiambia vingine. Ukisahau kuchota, wateja hawatapata njia ya mkato ya kurudi, na hutaona kosa lolote. Utaona tu kila mtu anaanza salamu mwanzo.

## Mzigo wa hesabu

9. Usimbaji wenyewe hauzuii kitanzi?

Kusimba data kwa AES-GCM kwenye prosesa zenye maelekezo ya AES ni kazi nyepesi. Kinachouma ni ile saini ya ufunguo wa faragha wakati wa salamu. RSA ya biti 2048 ni nzito kwa seva kuliko ECDSA ya P-256, na tofauti si ndogo. Pima mwenyewe kwa `openssl speed rsa2048 ecdsap256`, uangalie safu ya saini. Kutosubiri hakupunguzi hesabu hii hata chembe: uzi unaposaini, hauhudumii mtu.

Hapa Lamu kipimo huja chenyewe. Stima ikikatika na kurudi, ruta zote za mtaa zinawaka dakika ile ile, na kila simu na kila mashine ya tiketi inataka salamu kwa pamoja. Tuliyofanya: tulihamia cheti cha ECDSA, tukaweka mpaka wa salamu zinazoendelea kwa wakati mmoja (wengine wanasubiri kwenye foleni ya `accept`), na tukawasha tiketi za kikao ili anayerudi asihitaji saini mpya. Ukibaki na RSA, peleka saini kwenye nyuzi za pembeni. OpenSSL tangu 1.1.0 ina `SSL_MODE_ASYNC` kwa ajili hiyo, lakini inataka injini au mtoa-huduma anayejua kuitumia, basi kwa seva ndogo ni kumchinja ng'ombe kwa ajili ya kitoweo cha mtu mmoja.

10. Nyuzi mbili zinaweza kushika muunganisho mmoja?

Hapana. Kitu cha `SSL` ni cha uzi mmoja kwa wakati mmoja, hata kama mmoja anasoma tu na mwingine anaandika tu. Swali la 5 linaeleza kwa nini kusoma na kuandika havitenganiki. `SSL_CTX`, mpangilio wa pamoja wenye cheti na ufunguo, waweza kuishiriki kwenye nyuzi nyingi ukishamaliza kuiweka sawa.

11. Na TLS ya ndani ya kerneli?

Linux inayo tangu 4.13, mwaka 2017. Salamu inabaki kwako, kisha funguo unaikabidhi kerneli, na `sendfile` (kutuma faili bila kulipitisha kwenye programu yako) inafanya kazi tena. Kwa anayetuma mafaili makubwa ni nzuri. Kwa tiketi za boti haina maana.

## Kufunga na kukatika

12. Lazima niage? Nikifunga soketi tu je?

TLS ina ujumbe wa kuaga, `close_notify`. Bila huo, aliye upande wa pili hawezi kujua kama ulimaliza au kama mtu njiani amekata mazungumzo ili data ionekane fupi. Kama itifaki yako inasema urefu wa ujumbe mapema, hasara ni ndogo. Kama mwisho wa ujumbe ni kufungwa kwa muunganisho, usiruke hatua hii.

`SSL_shutdown` ikirudisha 0, umeaga lakini hujaagwa. Ikirudisha 1, pande zote zimeagana. Nayo pia inaweza kujibu `WANT_READ` au `WANT_WRITE`. Mimi naaga, nangoja sekunde chache, kisha nafunga hata kama sijajibiwa. Kuanzia OpenSSL 3.0 kukatika bila kuaga kunaripotiwa kuwa kosa la `unexpected eof while reading`. Watu wengi waliopandisha toleo walidhani seva zao zimevunjika, kumbe makosa yalikuwepo siku zote.

13. Mteja ameunganisha kisha kimya. Nifanye nini?

Weka saa mbili za kuhesabu muda, kila moja na kazi yake. Ya salamu iwe fupi na ianze pale `accept` inaporudi, isianzishwe upya kwa kila baiti inayofika. La sivyo mtu mwovu atakuletea baiti moja kila sekunde tisa na kukaa kwako mpaka kesho. Ya kikao kisicho na shughuli yaweza kuwa ndefu.

Usiitegemee TCP ikuambie mteja ametoweka. Simu ikipoteza mtandao katikati ya maji haitumi kwaheri yoyote, na uchunguzi wa uhai wa TCP kwenye Linux, hata ukiuwasha, husubiri sekunde 7,200 kabla ya swali la kwanza. Hayo ni masaa mawili mazima. Abiria ameshafika Mokowe, amepanda basi, na yuko njiani kwenda Malindi.

Puuza pia `SIGPIPE` mwanzoni mwa programu. Kuandika kwenye soketi iliyofungwa na mwenzio kutaua seva nzima ukiiacha ilivyo.

## Vyeti na mengine ya pembeni

14. Nimebadilisha cheti, mbona wateja bado wanaona cha zamani?

Kwa sababu ulibadilisha faili, na seva ilishalisoma siku ilipowaka. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vimekuwa vya siku 90, kwa hiyo jambo hili litakukuta mara kwa mara. Ukipokea `SIGHUP` (ishara ya kuiambia seva isome upya mipangilio), jenga `SSL_CTX` mpya pembeni, hakikisha cheti na ufunguo vinalingana, kisha uwape miunganisho mipya. Ya zamani inaendelea na ile ya awali mpaka iishe. OpenSSL huhesabu wanaoishika na kuifuta wa mwisho akitoka. Sisi tulisahau, na cheti kilikufa Ijumaa wakati wa swala. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

15. Ninachagua cheti kwa jina la tovuti kutoka kwenye hifadhidata. Nimekosea?

Umekosea ikiwa unaiuliza hifadhidata ndani ya kile kiito (callback) kinachoitwa katikati ya salamu, kwa maana umerudisha kusubiri kwa mlango wa nyuma. Weka vyeti kwenye kumbukumbu. Ikiwa ni vingi mno, `SSL_CTX_set_client_hello_cb`, iliyokuja na 1.1.1, inakuruhusu kusema "rudi baadaye": salamu inasimama, kitanzi kinaendelea, na ukipata cheti unaita `SSL_accept` tena.

16. Data ya mapema ya TLS 1.3 inafaa?

Hiyo ni data anayoituma mteja kabla salamu haijaisha. Inaokoa safari moja kwa mteja anayerudi, na aliyeidaka njiani anaweza kuituma tena bila kuifungua. Kuangalia ratiba ya boti, sawa. Kununua tiketi, hapana: abiria mmoja, nauli mbili.

17. Nitajuaje programu yangu iko sawa kabla haijawafikia watu?

Usiipime kwenye mashine yako tu, ambako rekodi hufika nzima na upesi. Kwanza ichelewe: `tc qdisc add dev lo root netem delay 300ms`. Kumbuka kwenye `lo` ucheleweshaji huu unagusa kwenda na kurudi, kwa hiyo safari nzima inakuwa milisekunde 600. Ukimaliza uiondoe kwa `del`. Mwenzangu aliisahau akalaumu Python siku nzima.

Pili, andika kipitishio kidogo kinachokaa katikati na kupitisha baiti moja moja. Kama salamu inakamilika hivyo, hatua zako za `WANT` ziko sawa. Tatu, punguza bafa ya kusoma mpaka baiti 7, utume ombi la 5,000. Likikwama, rudi swali la 6. Nne, fungua muunganisho mtupu wa TCP kwa `nc` dirisha moja, bila kuanza salamu, na uuache umekaa kimya, kisha kwenye dirisha la pili nunua tiketi. Ya pili isipopita mara moja, rudi swali la 4.